Mchezo wa Kukisia

Kila asubuhi kadi zilimwagwa sakafuni, na watoto wa miaka mitano wakazivamia, kila mmoja akisaka yake. Kadi ilikuwa na neno moja tu, limeandikwa kwa herufi kubwa nyeusi, na neno lenyewe hakulichagua mwalimu. Mtoto aliulizwa leo unataka neno gani, akalitaja, mwalimu akaliandika. Mmoja alitaka "mama". Mwingine "mzimu". Mwingine "busu". Aliyeiona kadi yake na kuisoma, neno lilikuwa lake tangu hapo. Aliyeshindwa kuitambua hakugombezwa. Kadi ilitupwa tu, kwa kuwa mwalimu aliamini kwamba neno lisilokumbukwa baada ya usiku mmoja halikuwa limetoka moyoni.

Mwalimu huyo aliitwa Sylvia Ashton-Warner. Alizaliwa New Zealand mwaka 1908, akafundisha pamoja na mumewe katika shule za vijijini za watoto wa Kimaori, na mbinu yake ya kadi ikakomaa Fernhill, katika eneo la Hawke's Bay, mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950. Vitabu vya kusomea vilivyoletwa shuleni siku hizo vilikuwa vya Janet na John, watoto wawili wa Kizungu walioishi katika nyumba ambamo hakuna anayelia, hakuna anayekufa na hakuna anayegombana. Vilitoka Uingereza, na Waingereza nao walikuwa wamevitohoa kutoka vitabu vya Marekani. Kati ya Janet na mtoto wa Fernhill palikuwa na bahari nzima. Ashton-Warner aliona kwamba wanafunzi wake hawakushindwa kusoma kwa sababu ya uzito wa vichwa, bali kwa sababu kilichoandikwa hakikuwahusu ndewe wala sikio. Akaanza kuwatungia vitabu mwenyewe na kuvichora kwa mkono, vyenye woga, ugomvi na mapenzi ya nyumba walizozijua. Mwaka 1963 kitabu chake, Teacher, kilichapishwa New York, na walimu wa nchi nyingi wakakisoma kama barua waliyoandikiwa wao.

Naanza na mwanamke huyu kwa makusudi. Harakati iliyokuja kujulikana kama lugha nzima kwa kawaida huhadithiwa kuanzia vyuo vikuu vya Marekani, na kwa kawaida huhadithiwa kama kosa. Kosa lilikuwamo, nami nitalieleza bila kulipaka sukari, maana liliumiza watoto. Lakini chanzo chake hakikuwa uvivu wala mzaha. Chanzo chake kilikuwa mwalimu aliyemtazama mtoto machoni na kuona kwamba vitabu vya shule vinamfisha.

Ugomvi wenyewe ni mkongwe. Mwaka 1837 Horace Mann aliteuliwa kuwa katibu wa bodi ya elimu ya Massachusetts. Katika shule za wakati ule mtoto wa Marekani alianza kwa kukariri majina ya herufi, kisha vipande vya maneno visivyo na maana, miezi kwa miezi, fimbo ikiwa karibu. Mann aliziona herufi hizo kama mifupa isiyo na damu iliyowatisha watoto, akapendekeza waanze na maneno mazima. Mwaka 1843 alizuru Ulaya, akarudi akizisifu shule za Prussia zisizotumia viboko. Walimu wakuu 31 wa Boston wakamjibu kwa maandishi mwaka 1844. Walisema kwamba anayemficha mtoto herufi anamnyang'anya ufunguo. Ukibadilisha majina na tarehe, ugomvi huo ungeweza kutokea mwaka 1955 au 1995.

Karne ile ilipokuwa inakaribia mwisho, sayansi ilionekana kumuunga Mann mkono. James McKeen Cattell, Mmarekani aliyefanya kazi katika maabara ya Wilhelm Wundt huko Leipzig, alionyesha mwaka 1886 kwamba mtu mzima hulitambua neno fupi zima kwa wepesi ule ule anaotambua herufi moja. Wengi wakahitimisha kwamba basi mtoto naye afundishwe neno zima. Hapo ndipo hatua ilipopotea, na ilipotea kwa zaidi ya miaka mia. Jinsi bingwa anavyosoma si lazima iwe jinsi mwanafunzi anavyojifunza, kama vile nahodha anayeusoma upepo bila kufikiri alivyoanza kwa kuhesabu kamba.

Kutoka hapo vikazaliwa vitabu vya tazama-na-useme. Mashuhuri zaidi vilikuwa vya Dick na Jane, vilivyoanza kutumika Marekani mwaka 1930, vyenye maneno machache yaliyorudiwarudiwa mpaka mtoto ayashike kwa sura. Mwaka 1955 Rudolf Flesch, mwanasheria aliyekuwa amekimbia Vienna baada ya Hitler kuitwaa Austria, alichapisha Why Johnny Can't Read, kitabu kikali kilichosema kwamba watoto wa Marekani hawajui kusoma kwa sababu hakuna aliyewafundisha sauti za herufi. Wazazi walikinunua kwa wingi, wataalamu wengi wakakipuuza. Kisha Jeanne Chall wa Harvard alikaa miaka kadhaa akipitia tafiti zote zilizokuwapo, akatembelea madarasa, akazungumza na walimu. Mwaka 1967 alitoa Learning to Read: The Great Debate. Jibu lake lilikuwa la upole lakini halikuwa na utata: watoto wanaoanza kwa kufundishwa uhusiano wa herufi na sauti, kwa mpangilio, husoma vizuri zaidi. Ungedhani ugomvi umekwisha. Kumbe mwaka huo huo, mjini New York, mtu mwingine alikuwa anasoma makala iliyofungua ukurasa mpya kabisa.

Mtu huyo alikuwa Kenneth Goodman, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit. Miaka miwili kabla alikuwa amechapisha utafiti uliohusu watoto 100 wa darasa la kwanza hadi la tatu. Kila mtoto alipewa kwanza orodha ya maneno asome, kisha hadithi yenye maneno yale yale. Matokeo yalimfurahisha mno. Kati ya maneno waliyoshindwa kwenye orodha, watoto wa darasa la kwanza waliyasoma karibu theluthi mbili walipokutana nayo ndani ya hadithi. Wa darasa la pili walifikia robo tatu, na wa tatu zaidi ya hapo. Goodman akasema: tazameni, mtoto hasomi herufi baada ya herufi. Anatumia maana, anatumia mpangilio wa sentensi, anaonja herufi chache tu, kisha anakisia. Makala ya 1967 aliipa jina lililobaki: kusoma ni mchezo wa kukisia wa kisaikolojia na kiisimu.

Kwake hata neno "kosa" halikufaa. Mtoto akikuta neno la Kiingereza "horse", yaani farasi, akasoma "pony", farasi mdogo, mwalimu wa zamani angemkatiza. Goodman alisema asikatizwe. Hadithi inasonga, maana imeshikwa, mtoto anafikiri. Akabuni neno jipya la kuita mteguko huo, lisilo na harufu ya adhabu. Ukimsoma bila chuki unaona alichokipenda: akili ya mtoto. Mahali ambapo shule iliona ujinga, yeye aliona fikra inayofanya kazi. Mkewe, Yetta Goodman, aliifanya heshima hiyo kuwa nidhamu ya mwalimu. Alitaka mwalimu akae karibu na mtoto, amsikilize na kuandika anachokiona, badala ya kusubiri karatasi ya mtihani imwambie.

Mwenzake wa fikra alikuwa Frank Smith, Mwingereza aliyewahi kuwa mwandishi wa habari kabla ya kwenda Harvard, na baadaye kufundisha Kanada. Kitabu chake cha 1971, Understanding Reading, kiliandikwa kwa kalamu tamu, na nadhani utamu huo ulichangia sana. Smith alidai kwamba sheria za sauti za Kiingereza ni nyingi na zenye vighairi vingi kiasi kwamba hakuna mtoto anayeweza kuzifundishwa. Mtoto hujifunza kusoma kwa kusoma, kama alivyojifunza kusema kwa kusemeshwa.

Msomaji wa Kiswahili asipite hapa haraka. Mtoto wetu akishajua irabu tano na kuunganisha ba, be, bi, bo, bu, anaweza kutamka gazeti zima hata kama haelewi nusu yake. Sisi tuliokaa mbele ya ubao tukiimba silabi, mwalimu akizipigia kwa ufito, hatukuwahi kuambiwa kwamba silabi hii leo itasomwa hivi na kesho vile. Mtoto wa Kiingereza ana herufi 26 na sauti zipatazo 44, na herufi hizo ni vigeugeu. Tazama maneno matatu, "though", "cough" na "enough": yote yanaishia kwa herufi zile zile nne, na kila moja lina mwisho wake wa sauti. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wa nchi nyingi za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa shule. Wa Finland, Ugiriki, Italia na Hispania walisoma sahihi zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida. Wale wa Scotland, waliosoma Kiingereza, walifikia asilimia 34. Kwa hiyo Smith alipokata tamaa na sheria za sauti, alikuwa anakata tamaa na lugha yenye ukaidi wa kweli. Ila tiba aliyoichagua ilikuwa kumwacha mtoto aivuke mito hiyo bila mtumbwi.

New Zealand, wakati huo huo, ilikuwa inaitengenezea nadharia hiyo mwili. Mwaka 1963 serikali iliachana na Janet na John na kuanza kutoa vitabu vyake yenyewe, vyenye mashamba na mitaa ambayo watoto wa huko waliitambua. Huko Auckland, Marie Clay alifuatilia watoto 100 tangu siku walipoanza shule, akirekodi kila wanachosoma, kila wanapojirekebisha. Kazi hiyo ilimpatia shahada ya uzamivu mwaka 1966. Baadaye ilizaa mpango wa Reading Recovery, wa kumwinua mtoto aliyebaki nyuma kwa kukaa na mwalimu wake peke yake, nusu saa kila siku. Don Holdaway naye alifanya kazi na walimu wa madarasa yaliyojaa watoto wa Kimaori na wa visiwa vya Pasifiki ambao familia zao zilikuwa zimehamia mjini. Aliuliza swali rahisi: mtoto anayesomewa kitabu kitandani na mama yake hupata nini ambacho darasani hakipo? Hupata ukaribu, kurudiwa kwa hadithi ile ile, na kuona kurasa. Basi wakatengeneza vitabu vikubwa, vya kuonekana hadi mkekani nyuma kabisa, mwalimu akifuatisha maneno kwa kijiti na darasa zima likisoma naye. Yeyote aliyewahi kuona darasa la watoto sitini lenye vitabu vinne ataelewa busara iliyomo. Kitabu kikubwa ni miongoni mwa zawadi ambazo harakati hii iliiachia dunia, na sioni sababu ya kuificha.

Miaka ya 1980 mawazo hayo yalivuka bahari na kukutana na uchovu wa walimu wa Marekani. Uchovu huo ulikuwa halali. Walikuwa wamefungwa kwenye vitabu vya kiada vilivyowaambia kila sentensi ya kutamka, na rundo la karatasi za mazoezi ambazo mtoto alijaza nafasi mchana kutwa bila kusoma hadithi hata moja. Goodman, aliyekuwa amehamia Arizona, alitoa mwaka 1986 kijitabu chepesi, What's Whole in Whole Language? Kilimwambia mwalimu kwamba yeye ni mtaalamu, si mtumishi wa mchapishaji. Walimu wakaanzisha vikundi vyao wenyewe, wakakutana majumbani, wakabadilishana vitabu vya hadithi, na mwaka 1989 vikundi hivyo vikaunda mwavuli wao. Mageuzi mengi ya elimu hushushwa kutoka wizarani. Haya yalipanda kutoka darasani, na ndiyo maana yalipendwa kama imani.

Katika madarasa hayo watoto waliandika hadithi zao wenyewe tangu wiki ya kwanza, kwa tahajia waliyoibuni. Kuta zilijaa maandishi. Palikuwa na kona ya vitabu, zulia, mwalimu anayesoma kwa sauti ya kuigiza. Herufi na sauti zilifundishwa zikijitokeza, na zisipojitokeza ziliachwa. Mtoto aliyekwama kwenye neno aliambiwa atazame picha, afikirie neno gani litafaa hapo, aliruke kisha arudi. Kwa mtoto aliyetoka nyumba yenye vitabu, aliyejua herufi zake kabla ya shule, hayo yalikuwa peponi.

Mwanamke aliyesema kwa sauti kwamba pepo hiyo haina milango kwa wote alikuwa Lisa Delpit, mwalimu Mmarekani mweusi kutoka Baton Rouge. Makala yake ya 1986 naiona kuwa ya uaminifu kuliko nyingine zote katika ugomvi huu, kwa kuwa aliyeiandika alikuwa mwanaharakati wa upande ule ule. Alikuwa ameanza kazi Philadelphia akiwa amejaa mawazo ya kimaendeleo, katika darasa huria, na watoto weupe wakastawi. Watoto weusi hawakustawi vile. Walimu weusi wazee walimwambia tangu mwanzo kwamba watoto wao wanahitaji kufundishwa waziwazi, na yeye aliwaona wamepitwa na wakati. Baadaye alitambua kwamba wale wazee walikuwa wanasema jambo zito: mtoto asiyeurithi ujuzi wa shule nyumbani kwao ana haki ya kuambiwa waziwazi mambo ambayo mwenzake aliyanyonya na maziwa. Ukimwachia ayagundue mwenyewe kwa jina la uhuru, umempa uhuru wa kubaki nje. Delpit hakutaka karatasi za mazoezi zirudi, wala hakutaka hadithi ziondoke. Alitaka walimu weupe wenye nia njema wawasikilize weusi. Wengi hawakusikia.

Kwenye maabara nako nadharia ilikuwa inavuja. Keith Stanovich na Richard West, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, walianza wakimwamini Smith. Walitarajia kuonyesha kwamba msomaji hodari ndiye anayekisia kwa kutegemea muktadha. Vipimo vyao vikawaambia kinyume: anayeegemea muktadha ili kulitambua neno ni msomaji dhaifu, kwa sababu hana kingine cha kuegemea. Hodari huliona neno lenyewe, haraka mno, na kubakiza nguvu za akili kwa ajili ya maana. Wengine, akiwamo Keith Rayner, walipima mwendo wa macho kwa vyombo na kukuta kwamba msomaji mzuri haonji herufi chache na kuruka. Macho yake hutua karibu kila neno lenye uzito, na hugutuka herufi moja ikibadilishwa. Philip Gough wa Texas alionyesha kwamba maneno yanayobeba maana hukisiwa sahihi takriban mara moja katika kumi. Mwenye kubahatisha kwa kiwango hicho hawezi kufika mwisho wa ukurasa.

Na ule utafiti wa Goodman wa Detroit? Ulikuwa na kasoro ambayo mtu angeweza kuiona tangu siku ya kwanza. Kila mtoto alisoma orodha kwanza na hadithi baadaye, kwa hiyo alipoifikia hadithi alikuwa ameshayaona maneno. Mwaka 1991 Tom Nicholson, tena huko huko New Zealand, aliurudia akibadilisha utaratibu. Muktadha uliendelea kuwasaidia wasomaji wadogo na walio dhaifu. Kwa hodari waliokua kidogo, faida ile iliyeyuka. Jengo zima lilikuwa limeinuliwa juu ya tofali lililokaa upande.

Hukumu ya maabara, hata hivyo, siyo iliyoiangusha harakati. Iliangushwa na California. Mwaka 1987 jimbo hilo, chini ya mkuu wake wa elimu Bill Honig, lilitoa mwongozo mpya wa lugha uliotaka fasihi iwe moyo wa somo. Mwongozo haukukataza sauti za herufi. Lakini baina ya wizara na darasa mwongozo hupitia semina, wachapishaji na wakufunzi, na ulipofika chini ulisomeka kama amri: weka kando vitabu vya tahajia, achana na mazoezi ya sauti, hadithi zitafanya kazi. Mwaka 1995 yakatangazwa matokeo ya upimaji wa taifa uliofanyika mwaka uliotangulia. Watoto wa darasa la nne wa California walipata wastani wa 197, sawa na Louisiana, mkiani mwa majimbo yote yaliyopimwa. Kisiwa cha Guam peke yake kilikuwa chini yao. Zaidi ya nusu ya watoto hawakufika kiwango cha msingi. Na walioanguka hawakuwa watoto wa maskini peke yao, hata wenye wazazi waliosoma chuo walikuwa nyuma ya wenzao wa majimbo mengine.

Haki inadai tusimame kidogo hapa. Upimaji wa kusoma kwa kila jimbo ulikuwa umeanza mwaka 1992 tu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwa hakika California ilikuwa wapi kabla ya mwongozo. Tangu kura ya 1978 ya kupunguza kodi ya majengo, shule za jimbo hilo zilikuwa zimekonda. Madarasa yalikuwa miongoni mwa yaliyofurika zaidi nchini, maktaba za shule zilikuwa hoi, na maelfu kwa maelfu ya watoto walifika shuleni wakizungumza Kihispania, Kivietinamu au Kikambodia. Stephen Krashen, msomi wa huko huko, aliendelea kusema kwamba watoto walikosa vitabu, si sauti za herufi. Alikuwa na sehemu ya ukweli. Ila darasa lililofurika, lenye watoto wasio na Kiingereza wala vitabu nyumbani, ndilo hasa ambalo mbinu ya kuachia mambo yajitokeze haiwezi kulibeba.

Honig hakujificha. Alikuwa ameshaondoka ofisini, na mwaka 1996 aliandika kitabu cha kutetea ufundishaji wa sauti kwa utaratibu. Bunge la jimbo lilipitisha sheria za kurudisha sauti na tahajia darasani. Yeyote aliyewahi kuongoza jambo kubwa anajua gharama ya kusema mbele ya watu kwamba nilikosea, na hasa kosa linapokuwa limepita juu ya watoto ambao tayari wameshavuka darasa hilo na hawatarudi tena.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka. Jopo la taifa lenye wajumbe 14 lilitoa ripoti mwaka 2000 na kuthibitisha, kwa tafiti nyingi zaidi, alichokisema Chall mwaka 1967. Mjumbe mmoja, Joanne Yatvin, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, alitoa maoni yake ya kupinga. Serikali ya George W. Bush ikamwaga takriban dola bilioni moja kwa mwaka katika mpango wa Reading First, ambao uliingia doa la upendeleo katika kugawa zabuni, na tathmini ya 2008 haikuona mafanikio katika ufahamu. Uingereza ilitoa ripoti yake mwaka 2006 na kuagiza kila shule ifundishe sauti. Lugha nzima ilibadili vazi, ikaitwa mbinu ya mizania: hadithi kwa wingi, sauti kidogo, na lile agizo la kutazama picha na kukisia likabaki palepale. Lilibaki mpaka mwaka 2022, mwandishi wa redio Emily Hanford alipolifuatilia katika kipindi kilichowaliza wazazi wengi waliogundua kwamba watoto wao walikuwa wamefundishwa mazoea ya wasomaji dhaifu. Tangu hapo majimbo kadhaa ya Marekani yamelikataza kwa sheria.

Kenneth Goodman alifariki Machi 2020. Frank Smith alifariki mwaka huo huo, Desemba. Goodman, akiwa ameshavuka miaka tisini, alihojiwa na Hanford huyo huyo, na hakurudi nyuma hata hatua moja: mtoto aliyesoma "pony" badala ya "horse" ameelewa. Nimelifikiria sana jibu hilo. Nadhani alikuwa anakitetea kitu alichokiona kwa macho yake Detroit zaidi ya miaka hamsini kabla, mtoto anayehangaika kutafuta maana huku shule ikimwita mjinga. Alichokosa kukiona ni mtoto yule yule miaka mitano baadaye, akiwa mbele ya kitabu cha sayansi kisicho na picha, ambamo neno halikisiki.

New Zealand yenyewe, iliyoipa harakati vitabu vyake vikubwa na mwalimu wake wa kadi, imegeuka. Tangu mwanzo wa mwaka wa shule wa 2025 shule zake za serikali zinatakiwa kufundisha kusoma kupitia sauti za herufi, kwa mpangilio, na fedha za mpango wa Marie Clay zimesitishwa.

Lakini kuna jambo kuhusu Fernhill ambalo halitajwi sana katika ugomvi huu, na sisi wa Kiswahili tuko tayari kuliona kuliko wengi. Watoto wa Ashton-Warner walikuwa Wamaori, na walifundishwa kusoma Kiingereza, katika mfumo ambao kwa vizazi ulikuwa umeadhibu watoto kwa kusema Kimaori shuleni. Kimaori kina irabu tano: a, e, i, o, u. Kina konsonanti kumi, na kila silabi huishia kwa irabu. Kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Watoto wale waliopewa kadi moja moja kama tonge, kwa lugha ya tahajia kaidi kupita nyingi duniani, walikuwa na lugha ya mababu ambayo mtoto angeweza kuimudu ubaoni kwa muda mfupi, kama yetu.

Mwaka 1982 wazee wa Kimaori, wakiona lugha inakufa, walifungua shule ya kwanza ya awali ya kile walichokiita kohanga reo, kiota cha lugha, huko Wainuiomata karibu na Wellington. Mabibi walikaa mkekani na wajukuu na kuwasemesha Kimaori mchana kutwa: lugha nzima, kwa maana halisi ya maneno hayo. Viota vikaenea nchi nzima. Mwaka 1987, mwaka wa mwongozo wa California, Kimaori kikawa lugha rasmi. Katika viota hivyo kuna hadithi, kuna nyimbo, kuna mizimu na mabusu. Na ukutani, aghalabu, kuna chati, nao watoto huifuatisha kwa vidole wakipaza sauti: ha, he, hi, ho, hu.